Gesi ya Camisea na jimbo la La Convención: jibu kwa msomaji wa Lindi

Msomaji mmoja wa Lindi, anayeandaa tasnifu kuhusu mapato ya gesi na serikali za mitaa, ametuandikia kwamba kila anaposoma habari za gesi ya Camisea nchini Peru hukuta mahali palepale panatajwa kwa majina manne: Cusco, La Convención, Echarate na, katika maandiko ya miaka ya karibuni, Megantoni. Anauliza ngazi hizo zinahusianaje, nani hasa ana mamlaka juu ya jambo gani, na kwa nini sehemu iliyopata fedha nyingi kiasi hicho imeendelea kukatwakatwa kuwa wilaya mpya.

Ndugu msomaji, majina yote manne ni sahihi, ila kila moja ni la ngazi yake. Peru ina mikoa 24 pamoja na Callao, bandari jirani ya Lima yenye hadhi ya pekee. Chini ya mikoa kuna majimbo 196, na chini ya majimbo kuna wilaya zaidi ya 1,800. Cusco ni mkoa, La Convención ni mojawapo ya majimbo 13 ya mkoa huo, na Echarate na Megantoni ni wilaya mbili kati ya wilaya 18 za jimbo hilo. Nakushauri usiilinganishe wilaya ya Peru na wilaya ya Tanzania, kwa maana nyingi za vijijini zina watu wachache kuliko kata zetu kubwa, ingawa kila moja ina meya wake wa kuchaguliwa, baraza lake na bajeti yake.

Maswali yako mawili mengine hayajibiki bila kuitazama mito. La Convención ina eneo la takribani kilomita za mraba 30,000, yaani asilimia 42 hivi ya mkoa wote wa Cusco. Ni kubwa kuliko Rwanda na kuliko Burundi. Sensa ya mwaka 2017 ilikuta humo watu zaidi kidogo ya 147,000 tu. Kusini linapakana na kilele cha Salcantay, chenye urefu wa zaidi ya mita 6,200 na theluji isiyoyeyuka, na kaskazini linashuka hadi kwenye msitu wa Amazon, katika mwinuko wa takribani mita 400. Ndani ya mipaka hiyo mna mabonde matatu ambayo, kwa njia za usafiri, kwa lugha na kwa biashara, kila moja limeelekea upande wake.

Bonde la kwanza ni la Urubamba ya juu, na ndilo lililozaa jimbo. Mto huu ndio ule unaopita chini ya magofu ya Machu Picchu, ambayo yenyewe yamo katika jimbo jirani la Urubamba. Anayetoka mjini Cusco kwa barabara hupanda hadi kipito cha Abra Málaga, kwenye mita zaidi ya 4,300, mahali pa ukungu na baridi kali, kisha huanza kuteremka kwa kona zisizokwisha. Katika muda wa saa chache huacha nyasi za mlimani, hupita mashamba ya chai ya Huyro, na hatimaye huingia Quillabamba, makao makuu ya jimbo, mji wa joto uliopo kwenye mita 1,050 hivi, uliozungukwa na kahawa, kakao, machungwa na koka, mmea ambao majani yake hutengenezewa kokeni. Zamani kulikuwa pia na reli kutoka Cusco. Mapema mwaka 1998 maporomoko ya matope na mawe yalikifukia kituo cha umeme cha Machu Picchu, yakaubomoa mji mdogo wa Santa Teresa na kuikata njia ya treni, na tangu wakati huo treni haijafika tena Quillabamba. Inaishia kwenye kituo hicho cha umeme, na kutoka hapo ni magari.

Bonde la pili ni la Urubamba ya chini. Kati ya bonde la juu na la chini upo Pongo de Mainique, korongo jembamba ambamo mto wote unabanwa katikati ya kuta za mwamba. Mwendeshaji mtumbwi asiye mzoefu hapaswi kujaribu kupita hapo, hasa miezi ya mvua. Juu ya korongo ni nchi ya wahamiaji waliotoka milimani, wasemao Kikechua na Kihispania. Chini yake ni nchi ya wenyeji wa asili wa msitu, Wamatsigenka, na mbele zaidi Wayine, wanaoishi katika jamii za kando ya mto kama Timpía, Camisea, Kirigueti, Nueva Luz na Miaría. Huko barabara ni mto wenyewe, na ukiufuata unafika Sepahua na Atalaya, miji iliyomo katika mkoa mwingine kabisa, wa Ucayali. Mfanyabiashara wa Miaría anayetafuta bidhaa atashuka kuelekea Sepahua kabla hajafikiria kupanda kwenda Quillabamba. Gesi yote unayoisoma imo katika bonde hili.

Bonde la tatu liko magharibi, ng'ambo ya safu ya milima ya Vilcabamba, katika ukingo wa mto Apurímac. Hapo zipo Kimbiri na Pichari. Mbele ya Kimbiri lipo daraja, na upande wa pili wa daraja ni San Francisco, katika mkoa wa Ayacucho. Kwa hiyo mkazi wa Kimbiri mwenye mgonjwa au mzigo wa kakao hutazama Ayacucho, si Cusco. Ukanda huu ni sehemu ya VRAEM, bonde la Apurímac, Ene na Mantaro, ambako koka hulimwa kwa wingi, sehemu kubwa ikiingia katika biashara haramu, na ambako mabaki ya kundi la waasi la Sendero Luminoso yamepambana na jeshi kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo wilaya hizi hukutana na dola kwa sura ya kijeshi zaidi kuliko wilaya nyingine za jimbo.

Jimbo lilianzishwa mwezi Julai 1857, likapewa jina la bunge la katiba lililokuwa limekaa Lima miaka ile. Waliolianzisha walikuwa na bonde la kwanza akilini: mashamba makubwa ya miwa, koka na kakao yaliyomilikiwa na familia chache. Msitu wa kaskazini uliwekwa ndani ya mstari wa ramani bila kutawaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 malaria iliua watu wengi katika bonde hilo, na wenye mashamba, walipokosa vibarua, wakaanza kuwagawia wahamiaji kutoka milimani vipande vya miteremko kwa sharti la kuja kufanya kazi siku kadhaa katika shamba la bwana. Wapangaji hao waliitwa arrendires, nao kwa zamu yao wakawaweka wapangaji wadogo chini yao. Anayeijua nyarubanja ya Kagera ataielewa hali hiyo upesi. Kahawa ilipopanda bei baada ya Vita Kuu ya Pili, wapangaji wakajikuta na zao la thamani mikononi mwao, huku siku zile za kazi ya bwana zikiangukia msimu uleule wa kuvuna kahawa yao. Wakaunda vyama, shirikisho lao la jimbo likaundwa mwaka 1958, Hugo Blanco akawa kiongozi wao maarufu kuliko wote, na kufikia mwaka 1962 walikuwa wamegoma na kuanza kuyashika mashamba. Serikali ya kijeshi ilimkamata Blanco mwaka 1963, lakini mwaka huohuo ikatoa sheria ya mageuzi ya ardhi kwa ajili ya bonde hilo pekee na jirani yake Lares, miaka sita kabla ya mageuzi ya nchi nzima ya mwaka 1969. Nimelikumbusha hili kwa sababu wakulima wadogo wa kahawa waliozaliwa na mageuzi hayo, pamoja na vyama vyao vya ushirika, ndio waliokuwa wapiga kura wengi wa jimbo wakati fedha za gesi zilipoanza kuingia, ilhali gesi haikuwa katika bonde lao.

Sasa nije kwenye mamlaka. Katika mkoa yupo gavana na baraza la mkoa, wanaochaguliwa kwa kipindi cha miaka minne. Hawa ndio wenye dhamana ya hospitali, walimu wa shule na barabara za mkoa, kwa fedha ambazo kwa sehemu kubwa hupangwa na wizara Lima. Katika jimbo ipo manispaa ya jimbo, yenye meya na madiwani, nayo pia huchaguliwa kwa miaka minne, na tangu mwaka 2015 meya haruhusiwi kuchaguliwa tena mara tu baada ya kipindi chake kwisha. Meya wa jimbo ni meya pia wa wilaya ya makao makuu, kwa hiyo Santa Ana, wilaya yenye mji wa Quillabamba, haina meya mwingine. Wilaya nyingine zote zina mameya wao. Hapa ndipo wasomaji wengi wa kwetu hupotea: meya wa jimbo si mkubwa wa mameya wa wilaya kwa maana ya kuwaamuru. Katiba inazipa manispaa uhuru wake, na kila manispaa hupokea fedha zake moja kwa moja kutoka hazina ya taifa. Manispaa ya jimbo hupanga matumizi ya ardhi, husimamia usafiri kati ya wilaya na huratibu mipango, lakini meya wa Echarate akikataa kuratibiwa hakuna wa kumlazimisha kirahisi. Kuna hata wakati bajeti ya Echarate ilizidi mno ya jimbo lenyewe, na ukiwa na fedha kuliko anayekuratibu, uratibu hubaki wa heshima tu.

Pembeni ya hao wote yupo afisa wa serikali kuu aitwaye subprefecto, anayeteuliwa kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani. Anafanana kwa mbali na mkuu wa wilaya wa Tanzania, ila hana nguvu ya mkuu wa wilaya: hasimamii bajeti ya maendeleo wala haamuru idara. Kazi yake ni kuiwakilisha dola, kusikiliza malalamiko na kupeleka taarifa juu.

Kuhusu gesi yenyewe, hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye kauli ya mwisho. Maliasili ya chini ya ardhi ni ya taifa. Mikataba husainiwa na shirika la umma la Perupetro, na usimamizi wa mazingira na usalama uko mikononi mwa taasisi za Lima. Shell ndiyo iliyogundua gesi hiyo miaka ya 1980, ikaondoka, na muungano wa kampuni unaoongozwa na Pluspetrol ukaanza kuitoa mwaka 2004. Kiwanda cha Malvinas kipo ukingoni mwa Urubamba ya chini, na kwa makusudi hakikuunganishwa kwa barabara, ili kuzuia wahamiaji na wakata mbao wasiufuate mradi msituni; watu na vifaa huja kwa ndege na kwa mto. Sehemu kubwa ya Kitalu 88, mojawapo ya maeneo ya mkataba wa gesi, imeingia ndani ya hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya Wanahua, Wananti na jamii nyingine zinazoishi kwa kujitenga au zilizoanza kukutana na watu wa nje hivi karibuni, jambo ambalo limezua mabishano tangu mwanzo wa mradi.

Kinachoshuka hadi jimboni ni mgawo ambao Waperu huuita canon. Serikali kuu hutenga nusu ya kodi ya mapato ya kampuni pamoja na nusu ya mrabaha, kisha fungu hilo hugawanywa kwa sheria. Chukua sole 100, fedha ya Peru, za fungu hilo. Sole 10 huenda kwa wilaya ambamo gesi inatoka. Sole 25 hugawanywa kwa manispaa za jimbo zima, na sole 40 kwa manispaa za mkoa mzima, kwa kuangalia idadi ya watu na upungufu wa huduma za msingi. Sole 25 zilizobaki ni za serikali ya mkoa, ambayo lazima itoe tano kati yake kwa vyuo vikuu vya umma. Utaona kwamba wilaya yenye gesi hula mara tatu: katika lile fungu la 10, katika la jimbo na katika la mkoa. Ukitaka kulinganisha na kwenu, kumbuka kwamba halmashauri ya Kilwa hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwa mauzo ya kampuni. Canon ni kodi ya taifa inayorudishwa, haitozwi na manispaa, na hupanda na kushuka pamoja na bei na faida ya kampuni bila meya kuwa na la kufanya.

Kabla ya mwaka 2016 wilaya yenye gesi ilikuwa Echarate, yenye zaidi ya kilomita za mraba 19,000, ambayo makao yake makuu yapo Urubamba ya juu, mwendo mfupi wa gari kutoka Quillabamba. Ilijulikana Peru nzima kuwa wilaya tajiri kuliko zote. Walioishi juu ya gesi, Wamatsigenka wa chini ya Pongo, walikuwa wachache katika daftari la wapiga kura, na orodha ya chama kinachoshinda uchaguzi wa manispaa hupewa kisheria angalau nusu ya viti vya baraza na kimoja zaidi. Hata pasipo nia mbaya ya mtu yeyote, barabara na majengo yangejengwa walipo wapiga kura wengi. Zaidi ya hayo, fedha za canon kwa jumla ni za miradi ya uwekezaji, hazilipi mshahara wa kudumu wa muuguzi wala wa mwalimu, ambao ni wa serikali ya mkoa. Ndiyo maana unaweza kukuta kijiji chenye ukumbi mpya wa zege na zahanati iliyopakwa rangi vizuri, lakini muuguzi ameondoka mwezi uliopita na hakuna aliyeletwa badala yake. Watu hulaumu wizi, na kesi za ubadhirifu hazikukosekana, lakini naona mgawanyo huu wa kazi, mmoja akijenga na mwingine akitakiwa kuajiri, umeleta hasara kubwa kuliko inavyosemwa.

Mwaka 2016 Bunge likaikata Echarate, na Urubamba yote ya chini ikawa wilaya ya Megantoni, makao makuu yake yakiwa Camisea. Fungu la 10 likahama. Kwa mara ya kwanza jamii za chini ya Pongo zikawa na manispaa ambayo wao wenyewe ndio wengi wa wapiga kura wake. Echarate, iliyokuwa imezoea kutumia bila kuhesabu, ikabaki na miradi iliyoanzishwa kwa matarajio ya fedha ambazo hazikuwa zake tena.

Megantoni si mfano pekee. Kimbiri na Pichari zilikuwa zimeanzishwa miaka ya 1990. Mwaka 2014 Inkawasi na Villa Virgen zikakatwa kutoka Vilcabamba, wilaya ya ile ngome ya mwisho ya Wainka iliyoanguka mwaka 1572; Villa Kintiarina ikafuata mwaka 2015, na mwaka 2021 zikaongezwa Kumpirushiato, Cielo Punco, Manitea na Unión Asháninka. Nyingi ya hizi ziko upande wa Apurímac au njiani kuelekea huko. Sababu mbili zinakwenda pamoja, na ningekuonya usichague moja na kuiacha nyingine. Kwanza, fungu la jimbo na la mkoa hupewa manispaa, si vijiji, kwa hiyo kijiji kikubwa kisichokuwa makao makuu ya wilaya hubaki kikiomba kwa meya wa mbali. Pili, serikali kuu iliona wilaya mpya katika VRAEM kuwa njia ya kuweka polisi, ofisi na bendera mahali ambapo Sendero iliwahi kutamba. Karibu na Kepashiato, mwezi Aprili 2012, wafanyakazi 36 wa mradi wa bomba la gesi walitekwa nyara kwa siku kadhaa. Hata idara ya elimu ya mkoa ilikwisha kukubali kwamba jimbo hili halitawaliki kutoka mji mmoja: ina ofisi moja Quillabamba na nyingine kwa ajili ya Pichari na Kimbiri.

Liko pia jambo ambalo ramani za utawala hazilionyeshi. Jamii za asili zina ardhi yao kisheria tangu mwaka 1974, zikiongozwa na mkuu anayechaguliwa na mkutano wa jamii, lakini chini ya sheria ya mwaka 1978 hati yao ni ya ardhi ya kilimo. Msitu hubaki mali ya dola, nao hupewa haki ya kuutumia. Jamii hujadiliana na kampuni juu ya fidia, huwasilisha hoja kupitia mashirikisho yao, mojawapo likiwa COMARU la Wamatsigenka, na tangu mwaka 2011 ipo sheria inayoilazimisha serikali kushauriana nazo kabla ya uamuzi unaogusa haki zao. Kwa hiyo mwanajamii wa Segakiato ana ngazi mbili za kujitetea, mkutano wa jamii na manispaa ya Megantoni, na mara nyingi ile ya kwanza ndiyo huzungumza na kampuni moja kwa moja.

Gesi yenyewe huvuka milima kwa bomba hadi pwani, kwenye viwanda na mitambo ya umeme ya Lima na Ica. Quillabamba hupikia mitungi. Bomba la kusini, ambalo lingelipitia jimbo hili, lilitolewa kwa mkandarasi mwaka 2014, na mkataba ukavunjwa mwezi Januari 2017 baada ya muungano ulioongozwa na Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya Brazili, kushindwa kupata mkopo. Migomo na kufunga barabara jimboni vimehusu jambo hilo mara kwa mara, nawe uliyeyaona ya Mtwara mwaka 2013 huhitaji kuelezwa hasira hiyo inatoka wapi.

Kwa tasnifu yako, basi, tahadhari moja ya kazi. Takwimu za Echarate za kabla ya 2016 zinajumuisha Megantoni, na za baada ya 2021 hazina pia Kumpirushiato, iliyokatwa kutoka humo. Ukizipanga mwaka kwa mwaka bila kuziunganisha upya utaandika kwamba Echarate ilipoteza watu na mapato ghafla, wakati kilichohama ni mpaka. Fanya hesabu zako kwa jimbo zima, kisha ligawe kwa mabonde matatu niliyoyaeleza, wala si kwa wilaya. Na sensa ya mwaka 2007, iliyohesabu watu karibu 167,000 jimboni, iweke karibu na ile ya 2017: idadi ilishuka katika muongo uleule ambao fedha za gesi zilimiminika, na hilo ndilo ningelifanya kuwa swali la sura yako ya tatu.